Nilidhani VIX inasema soko linaelekea wapi

Mkesha wa Krismasi 2018, saa tano na nusu asubuhi hapa Dallas, nusu saa kabla soko halijafungwa maana siku ile wanafunga mapema, nilinunua puti mbili za SPY, ile fandi inayofuata hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani, yaani S&P 500. Dar ilikuwa saa mbili na nusu usiku na bimkubwa alikuwa ananipigia simu ya video nikamkatia, nikasema ntampigia baadae kuna kitu namalizia. Zile puti zilinigharimu kama dola 1,180. Hela ya ovataimu ya ghalani, usiku kucha unasukuma maboksi.

Kwa asiyezijua, puti ni haki ya kuuza hisa kwa bei mliyopatana mpaka tarehe fulani, koli ni haki ya kununua. Mkataba mmoja unabeba hisa 100. Soko likishuka puti inapanda thamani, likipanda koli ndo inapanda. Na ile hela unayolipa kuipata hio haki inaitwa premiamu, kama bima tu.

Sa kwanini nilinunua siku ile. Nilikuwa nimeanza kusoma indiketa (vipimo) za opsheni, yaani hizo puti na koli, miezi mitatu minne nyuma, nikajifunza kuna kitu kinaitwa uwiano wa puti kwa koli, unachukua idadi ya puti zilizouzwa siku hio unagawa kwa idadi ya koli. Ikizidi 1 maana yake puti ni nyingi kuliko koli. Desemba ile ilikuwa inazidi 1 siku baada ya siku, VIX, ile namba inayopima woga wa soko toka kwenye bei za opsheni, inaelekea kufunga 36, S&P siku ile pekee inaelekea kuporomoka 2.7%, toka Septemba imeshashuka karibu 20%. Nikajiambia watu wote hawa wananunua puti, wakubwa watakuwa wanajua kitu, soko linaenda chini zaidi na mimi niwemo.

Krismasi soko limefungwa. Jumatano tarehe 26 limefunguka, S&P imepanda karibu 5% kwa siku moja, Dow, kipimo kingine cha soko la Marekani, imepanda zaidi ya pointi 1,000 ndani ya siku moja kwa mara ya kwanza toka ianze. Puti zangu mpaka jioni zilikuwa zimebaki kama dola 450. Ile tarehe 24 niliyonunua ndo ilikuja kuwa chini kabisa ya anguko lile lote.

Nilikaa na ile hasara wiki nzima naitafakari maana nilikuwa sielewi, mbona data niliisoma vizuri, uwiano ulikuwa juu kweli, VIX ilikuwa juu kweli. Sikukosea namba. Nilichokosea ni swali ambalo zile namba zilikuwa zinajibu.

Aliyekulia Dar hili analijua. Mvua ya kwanza ya masika ikipiga Kariakoo, mwavuli uliokuwa elfu tano asubuhi ndani ya robo saa unaambiwa elfu nane, elfu kumi, na watu wanalipa. Ile bei inakwambia watu wangapi wameogopa kulowa muda huu. Haikwambii kesho itanyesha. Na ukinunua mwavuli kwa elfu kumi mvua ikiwa imeshachanganya, alafu jua likatoka, umeumia mara mbili, mvua imekata na mwavuli wenyewe umerudi elfu tano. Ndo kilichonikuta. S&P ilipanda, hio hasara ya kwanza, na VIX ikashuka toka 36 mpaka 30 siku hiohio, yaani bima yenyewe ikawa rahisi, hio hasara ya pili. Nishawahi kuona mtu soko linashuka kama alivyotabiri na puti yake bado inapoteza hela, kwasababu aliinunua wakati woga uko kileleni.

VIX basi ni nini hasa. Inatoka Cboe, soko la opsheni la Chicago lililoanza 1973, wakati ule walianza na koli za kampuni 16 tu, puti zikaja 1977. VIX yenyewe ilitoka 1993, mwaka 2003 wakaibadilisha hesabu iwe inachukua opsheni za S&P 500. Wanaangalia premiamu za puti na koli nyingi zilizobakiza kama mwezi mmoja, wanatoa namba moja inayosema soko linategemea mtikisiko wa kiasi gani kwa mwezi unaokuja, ila imegeuzwa iwe kama ya mwaka mzima. Hesabu nyepesi ambayo ingeniokoa 2018 ni hii, chukua VIX gawa kwa 16. Kwa mwaka kuna siku kama 252 za soko na kipeuo chake cha pili ni karibu 16. Kwaiyo VIX ikiwa 16 soko linategemea kutikisika kama 1% kwa siku. Ikiwa 36 ni zaidi ya 2% kwa siku, juu AU chini. Hilo neno "au" ndo sikulisoma. Ile siku ya mkesha bei za opsheni zilikuwa zinaniambia wazi kabisa kwamba kesho kutwa tunaweza kwenda juu kwa nguvu, mi nikasikia chini tu.

Na uwiano wa puti kwa koli nao una tabu zake. Kwanza ile idadi haisemi nani alinunua nani aliuza. Kila mkataba una pande mbili. Kuna mtu anauza puti kwasababu anaona hisa haitashuka na anataka kula premiamu, huyo ana imani na soko, ila kwenye uwiano anahesabiwa sawa na mwenye hofu. Pili, kuna uwiano wa opsheni za indeksi, yaani za kundi zima la hisa kwa mpigo, na kuna wa hisa mojamoja, ni vitu viwili tofauti kabisa. Wa indeksi kuzidi 1 ni kawaida, mifuko mikubwa inanunua puti za indeksi kila siku kujikinga na wala hawajaogopa chochote, ni kama mwenye lori anavyokata bima kila mwaka. Wa hisa mojamoja ndo unaobeba hisia za watu wa kawaida, mara nyingi unacheza kwenye 0.6 na 0.7 hivi. Mi nilikuwa naangalia uliojumlisha vyote. Saivi naangalia wa hisa tu, tena natumia wastani wa siku 10 maana namba ya siku moja inaruka ruka mno.

Baada ya hapo nikageuka. Nikasoma kwamba hizi indiketa zinasomwa kinyume, woga ukizidi ndo muda wa kununua. Ni kweli kwa kiasi, ile Desemba ilikuwa hivyo, ila mi nikalishika kama msahafu. Nikajiwekea sheria, VIX ikifunga 40 nanunua hisa kwa hela yote.

Ijumaa tarehe 28 Februari 2020 VIX ikafunga 40.11.

Nilinunua kwa hela yote. Sio opsheni safari hii, fandi yenyewe, S&P ikiwa 2,954. Wiki tatu zilizofuata soko lilisimamishwa dakika 15 mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila S&P ikishuka 7% wanapiga breki. Tarehe 16 Machi VIX ikafunga 82.69, ni kufunga kwa juu kuliko kote toka ianze. Ghalani tunapimwa joto getini, wenzangu wawili wanaumwa, mama Dar anasema rudi nyumbani na ndege zenyewe hamna. S&P ikafika 2,237 tarehe 23 Machi. Hela yangu ilikuwa imepungua karibu robo ndani ya wiki tatu na nusu. Sikuuza, namshukuru Mungu, na mpaka Agosti soko lilikuwa limerudi kwenye rekodi. Ila sikubaki kwa akili yoyote, nilibaki kwasababu nilikuwa siwezi hata kufungua ile programu nikaangalia.

Hapo kuna kitu nataka mtu akiangalie taratibu. VIX ilifika kilele tarehe 16, bei ikafika chini tarehe 23. Wiki moja katikati. Yaani ile wiki ya mwisho bei ilikuwa inaendelea kushuka lakini bei ya bima ilikuwa inashuka nayo, watu wameacha kugombania miavuli na mvua bado inanyesha. Nikaenda kuangalia 2008, nikakuta VIX ilifunga juu kabisa tarehe 20 Novemba 2008, 80.86, ila S&P haikufika chini mpaka tarehe 9 Machi 2009, na siku hio VIX ilikuwa chini ya 50. Karibu miezi minne katikati! Hii ilinibadilisha kuliko kitabu chochote. Namba kubwa ya VIX haina maana yoyote kama bado inapanda. Cha kuangalia ni pale bei inatengeneza shimo jipya alafu VIX inakataa kutengeneza kilele kipya.

Cha pili nilichokichukua pale ni kulinganisha VIX ya mwezi na ile ya miezi mitatu, wanaiita VIX3M. Siku za kawaida ya miezi mitatu iko juu, kwasababu mambo ya mbele hayajulikani kama ya karibu. Soko likishikwa na hofu ya kweli inageuka, ya mwezi inaizidi ya miezi mitatu, watu wanataka bima ya leo, habari za mbele watajua mbele. Gawa ya mwezi kwa ya miezi mitatu, ikizidi 1 kuna moto. Ikirudi chini ya 1 na ikakaa siku kadhaa moto unapoa. Hii kwangu ndo indiketa bora kuliko zote za opsheni na ajabu watu wanaizungumzia kidogo sana.

2021 nikajifunza upande wa pili. Januari ile kila mtu ananunua koli, kipindi cha hisa za GameStop zilizopaishwa na vijana wa mitandaoni, vijana kazini wanafanyia mapumzikoni na simu, uwiano wa hisa ulishuka mpaka karibu na 0.4. Nikasema hii tamaa imezidi, soko linaanguka muda wowote, nikauza nusu ya nilichonacho. S&P mwaka ule ilipanda kama 27%. Nilikaa nje na ile nusu mwaka mzima nasubiri. Kwaiyo woga na tamaa havifanani. Woga ni kama moto wa makuti, unawaka kwa nguvu unaisha, ndo maana kilele chake kinaonekana. Tamaa inawaka taratibu kama mkaa, inaweza kukaa miezi na miezi, na ukitumia uwiano mdogo kama alama ya kuuza utakuwa unauza mapema kila mara. Mi saivi uwiano ukiwa mdogo siuzi, naacha tu kuongeza.

Alafu ikaja 2022, na huu mwaka ndo unaoniuma mpaka leo kwasababu sikupoteza kwa kufanya, nilipoteza kwa kusubiri. S&P ilianza 4,796 tarehe 3 Januari ikaenda mpaka 3,577 tarehe 12 Oktoba, robo nzima ya thamani. VIX mwaka mzima haikuwahi kufunga hata 37. Mi niko na hela pembeni nasubiri 40 yangu. Tarehe 12 Oktoba ilikuwa 33 na kitu, nikasema bado, woga wa kweli haujafika. Haukufika, soko likaanza kupanda nikiwa naliangalia tu.

Kwanini VIX haikulipuka? Nimelifikiria sana. Lile anguko lilikuwa la taratibu, riba zinapandishwa na kila mtu anajua zinapandishwa, tarehe za mikutano ya benki kuu zinajulikana, waliokuwa na hisa nyingi walishazipunguza mapema kwaiyo hawakuwa na kikubwa cha kukatia bima. VIX inapanda watu wakishtukizwa. Soko linalozama polepole halishtui mtu. Na mwaka huohuo opsheni za S&P 500 zikaanza kuisha kila siku ya soko, sa mtu akiogopa mkutano wa leo ananunua opsheni inayoisha leo jioni, na VIX inachukua zile zilizobakiza siku 23 mpaka 37, kwaiyo woga wa leo haumo ndani yake. Uwiano wa puti kwa koli nao umejaa hizi za siku moja. Ukilinganisha namba za sasa na za 2010 bila kulikumbuka hili utajidanganya.

Toka hapo nikaweka mpangilio ambao sijaubadilisha. Bei kwanza. S&P iko juu au chini ya wastani wake wa siku 200, na wastani wenyewe unapanda au unashuka, hio ndo trendi, sihitaji opsheni kuniambia. Opsheni nazitumia kujua ndani ya hio trendi watu wako kwenye hali gani. Angeniambia mtu hivi 2018 nisingemwelewa, nilikuwa natafuta namba moja ya kunipa jibu lote.

Jumatatu tarehe 5 Agosti 2024 ndo nilijua nimekua. Natoka zamu, niko kwenye gari palepale maegesho ya ghala, jua limeshaanza kuchoma kioo, soko halijafunguliwa bado, nafungua simu naona VIX imegusa 65. Ijumaa ilifunga 23. Japani Nikkei imeanguka zaidi ya 12% kwa siku ile moja. Moyo ulidunda mpaka naisikia shingoni, kidole kiko kwenye kitufe cha kuuza, sitanii. Nikajilazimisha kufanya hesabu, 65 gawa kwa 16 ni zaidi ya 4% kwa siku, kila siku, kwa mwezi mzima. Alafu nikaangalia mikataba ya S&P ya kabla soko kufunguka, imeshuka lakini sio kwa kiasi hicho hata karibu. Hizi namba mbili haziendani, moja inasema nyumba imeungua nyingine inasema jiko linafuka moshi. Kumbe saa zile wanunuzi wa opsheni ni wachache, bei ya kununulia na ya kuuzia zimeachana mbali, na VIX inahesabu katikati ya hizo bei, kwaiyo ikafura. Nikaweka simu kwenye kiti cha pembeni nikaendesha mpaka nyumbani nikalala. Nilipoamka soko lilikuwa limefunga, S&P chini 3%, VIX 38. Ndani ya wiki mbili VIX ilikuwa imerudi chini ya 16.

Aprili 2025, zile habari za ushuru wa Marekani kwa bidhaa za nje, sikuwahi kuona kitu kinaenda kwa kasi vile toka korona. Tarehe 8 VIX imefunga 52, S&P 4,982 iko chini ya wastani wa siku 200, VIX ya mwezi imeizidi ya miezi mitatu kwa mbali. Kwenye daftari langu siku ile niliandika "moto, usiguse". Kesho yake Trump akasitisha sehemu kubwa ya ushuru kwa siku 90, S&P ikapanda 9.5% kwa siku moja. Sikuwemo, na sikuumia hata kidogo, maana nilijua tarehe 8 hakukuwa na indiketa yoyote duniani ya kukwambia rais ataandika nini kesho. Nilisubiri kuelekea mwisho wa mwezi, ule uwiano wa VIX mbili uliporudi chini ya 1, nikaanza kununua kidogokidogo, S&P ikiwa 5,500 na kitu. Nimenunua juu kwa zaidi ya 10% kuliko aliyebahatika chini. Mwisho wa Juni soko likaweka rekodi mpya. Na safari ile kilele cha VIX na shimo la bei viliangukia siku moja, tofauti na 2020, tofauti na 2008, ndo maana huwa namkatalia mtu anayesema subiri siku saba baada ya kilele.

Mpwa wangu yuko Tabata, kaanza kufatilia haya mambo, mwezi uliopita kanipigia saa kumi na nusu jioni ya huko, soko ndo linafunguka.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, vipi?"

"Anko VIX iko chini sana, ninunue puti saa hizi si ni rahisi?"

Nikamuuliza bei iko wapi na wastani wa siku 200. Kimya. Nikamuuliza VIX ya miezi mitatu ikoje. Kimya. Nikamwambia bima rahisi ni rahisi kwasababu mara nyingi haitumiki, kila mwezi premiamu inaisha na unalipa tena, na yeye bado analipa ada ya chuo. Nikamwambia anunue daftari la counter book kabla hajanunua kitu kingine chochote, achore safu tano: bei, wastani wa siku 200, VIX, VIX3M, na uwiano wa hisa wa siku 10, zote hizi zinapatikana bure. Ajaze kila siku soko likifunga, kwake ni saa tano usiku, na pembeni aandike anadhani kesho itakuwaje. Miezi sita bila kuweka shilingi. Hakufurahi, nilisikia kwenye sauti.

Juzi katuma picha ya ukurasa wa kwanza uliojaa. Safu ya sita kaiongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu, anaandika kama utabiri wake wa jana ulikuwa sahihi au la. Kwenye siku 20 kapatia 11.